Kifua kisichopona: historia ya maradhi ya sistiki fibrosisi na saa ya kukimbilia hospitali



Safari hii tunaingia katika historia ya maradhi ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni, na ambayo hata baadhi ya waganga wetu waliambiwa kuwa hayatuhusu sisi Waafrika. Tunaanzia Kanzenze, mojawapo ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu, ile sehemu ya Rwanda ambayo wengi bado tunaiita Gisenyi. Ni juu kuliko ziwa Kivu, na ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi, ya udongo wa volkano na mashamba ya viazi, na jikoni kuni zinafuka moshi asubuhi na jioni. Mtoto kukohoa huko si habari.

Lakini yupo mtoto ambaye kikohozi chake hakina msimu. Amekohoa tangu yu mchanga. Makohozi yake ni mazito kama gundi. Anakula vizuri, pengine kuliko ndugu zake, ila hanenepi. Choo chake kina mafuta na harufu kali. Mama akimbusu kipaji cha uso anaonja chumvi. Amekwisha kutibiwa nimonia mara nne, amepimwa kifua kikuu, ameandikiwa unga wa lishe. Mzazi wa mtoto huyu hana swali la kitabuni. Ni saa nane za usiku, mtoto anahema kuliko jana: tumbebe sasa hivi, au tungoje kupambazuke?

Jibu la swali hilo limetokana na historia mbili zilizoanza mbali sana, moja New York na nyingine Papua New Guinea, na zote mbili zimefika Rwanda. Tuzieleze moja moja.

Joto la New York

Mwaka 1938 Dorothy Andersen, daktari wa Marekani aliyekuwa akichunguza miili ya watoto waliofariki katika hospitali moja ya watoto jijini New York, aliona jambo ambalo wenzake walilipita. Watoto walioandikwa kuwa wamekufa kwa maradhi ya tumbo walikuwa na kongosho lililojaa vifuko na makovu, na mapafu yao yalikuwa yamezibwa na ute mzito. Aliyaunganisha mambo hayo mawili na kuyapa jina moja. Kwa Kiingereza jina hilo linataja vifuko na makovu hayo, na ndilo tunaloliandika hapa sistiki fibrosisi. Madaktari wetu waliosomea Kifaransa, nao ni wengi Rwanda, huyaita mukovisidozi, yaani maradhi ya ute unaonata. Ukilisikia jina lolote kati ya hayo mawili, ni ugonjwa mmoja.

Zama hizo wengi wa watoto hao hawakufika umri wa kuanza shule. Na hakuna aliyejua kwa nini ute wao ni mzito.

Kisha likaja joto la Agosti 1948. New York ilishikwa na siku za joto kali, na watoto wakawa wanaletwa hospitalini wamelegea na kuishiwa maji. Daktari Walter Kessler na Andersen walipotazama ni watoto gani hasa wameangushwa na joto, wakakuta wenye sistiki fibrosisi wamezidi mno kwa ugonjwa uliokuwa nadra kiasi kile. Waliandika habari hiyo mwaka 1951. Mwenzao, Paul di Sant'Agnese, mzaliwa wa Italia, akajiuliza hao watoto wanapoteza nini kupitia ngozi. Mwaka 1953 akaonyesha kuwa jasho lao lina chumvi nyingi kupita kawaida. Kutoka hapo, mwaka 1959 Gibson na Cooke walibuni njia salama ya kumtoa mtoto jasho kidogo mkononi na kulipima chumvi. Kipimo hicho cha jasho ndicho kinachotumika mpaka leo.

Wakunga na mabibi wa Ulaya walikuwa na usemi wa kale kuwa mtoto anayebusiwa akaonja chumvi hatakaa duniani. Waliiona alama karne nyingi kabla ya maabara. Walichokosa ni la kufanya.

Tumeieleza habari ya joto kwa urefu kwa sababu ndani yake mna fundisho la dharura. Ugonjwa huu haukufahamika kwa uchunguzi wa mezani peke yake. Ulifahamika kwa sababu kuna watu waliotazama ni nani anayeletwa mlangoni akiwa hoi, na kwa nini yeye na si mwenzake.

Mengine yalifuata. Mwaka 1989 kundi la Lap-Chee Tsui na John Riordan huko Toronto, pamoja na Francis Collins wa Michigan, lilitangaza kuwa limeipata jeni yenye hitilafu, iliyoko kwenye kromosomu ya 7. Jeni hiyo inaongoza mlango wa chumvi katika chembe za mwili. Mlango ukiharibika, ute unakauka, ndipo mapafu, kongosho na utumbo vinaziba. Mtoto huugua akirithi jeni mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na wazazi wenyewe huwa wazima kabisa. Kwa hiyo tuache kumlaumu mama, na tuache kutafuta nani kamroga mtoto.

"Si maradhi yenu"

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kuwa haya ni maradhi ya wazungu. Kauli hiyo ilikuwa na madhara yake. Daktari asiyetarajia kuuona ugonjwa hautafuti, na asipoutafuta hauoni, kisha takwimu zinasema haupo. Watoto wa Kiafrika waliokuwa nao walizikwa kwa majina mengine: nimonia, kifua kikuu, utapiamlo, kuhara.

Ukuta huo ulianza kubomoka miaka ya 1990. Afrika Kusini waligundua kuwa wagonjwa weusi wana hitilafu yao ya jeni, tofauti na ile iliyozoeleka Ulaya, na yenye asili ya Afrika. Upande wa Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wa pwani wana jamaa, watafiti wa Falme za Kiarabu walikuta hitilafu moja imeenea miongoni mwa Mabedui na nyingine miongoni mwa watu wenye asili ya Baluchi. Katika jamii ambazo binamu huoana kizazi baada ya kizazi, hitilafu iliyofichika hupata nafasi ya kukutana na mwenzake. Ndoa ya binamu ni halali na hatuna la kuongeza hapo. Ila familia ambayo imekwisha kupata mtoto mgonjwa ijue kwamba kila mimba ya wazazi hao ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kuleta mwingine, na inafaa hesabu hiyo ijulikane kabla ya posa nyingine ndani ya ukoo.

Rwanda nayo imo katika historia hii. Mwaka 2009 Leon Mutesa, daktari wa Kinyarwanda na bingwa wa jenetiki, alichapisha pamoja na wenzake, wakiwemo wa Liège, Ubelgiji, utafiti katika jarida la Chest. Walikuwa wamekusanya habari na damu za wagonjwa 60 wenye dalili zinazofanana na za sistiki fibrosisi, wakaisoma jeni ile ile ya kromosomu ya 7. Wagonjwa watano tu walikutwa na hitilafu katika jeni hiyo, tena kila mmoja nakala moja, si mbili. Kwa watano hao walichunguza pia jeni za mlango mwingine, ule wa sodiamu, wakakuta mabadiliko huko. Waliobaki, 55, hawakuonekana na hitilafu yoyote katika jeni iliyotarajiwa.

Msomaji anaweza kusema: basi si wagonjwa. Sisi tunasoma kinyume. Watu 55 walikuwa na dalili zote zile na sayansi haikuwapa jina. Walikohoa kweli, na waliokuwa wakikosa pumzi usiku walikosa pumzi kweli. Familia ya Kanzenze inayosema "tungoje kwanza tuambiwe ni ugonjwa gani" inaweza kungoja miaka, maana vipimo vya jasho na vya jeni havipatikani katika kituo cha afya cha sekta. Dharura haingoji jina.

Kuhesabu pumzi

Historia ya pili ndiyo inayotusaidia hapo. Katika milima ya Papua New Guinea, nchi maskini yenye njia mbovu na hospitali chache, daktari Frank Shann na wenzake walitaka kujua ni alama gani mhudumu asiye na mashine anaweza kuitumia kumtambua mtoto mwenye nimonia. Mwaka 1984 waliandika kuwa alama zenye nguvu ni mbili: mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika, na je, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi. Haikuhitaji picha wala kipimo cha masikioni, ila saa na macho.

Shirika la Afya Duniani likazichukua alama hizo na kuziwekea viwango, navyo ni hivi: mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi, wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, 40 au zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 zikaongezwa alama za hatari za jumla: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea hazinduki vizuri. Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuufanyia kazi utaratibu huo. Na hapa lazima tukubali kwamba degedege lilikuwa na historia yake pwani, ya ndege na pepo na mganga, na si watoto wachache waliofikishwa hospitali wamechelewa kwa ajili hiyo.

Rwanda ilianza kujenga jeshi lake la washauri wa afya vijijini, abajyanama b'ubuzima, mwaka 1995, mara baada ya mauaji ya kimbari, wakati madaktari wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Walianza wapatao 12,000, baadaye wakapindukia 45,000. Wanachaguliwa na wanakijiji wenyewe. Kuanzia mwaka 2008 walifundishwa kuwatibu watoto wa chini ya miaka mitano kwa malaria, kuhara na nimonia, na kuhesabu pumzi ni sehemu ya kazi yao. Kwa hiyo ile elimu ya Papua New Guinea imefika mpaka mlangoni, kwa jirani unayemfahamu kwa jina.

Pale hesabu inapodanganya

Sasa historia hizo mbili zinagongana, na wazazi tunaomba msome hapa polepole.

Kiwango cha pumzi kiliwekwa kwa mtoto ambaye jana alikuwa mzima. Mtoto mwenye kifua cha kudumu huenda anapumua mara 40 kila siku akiwa amelala salama, na milima nayo inaongeza kidogo. Ukimpeleka kwa mshauri wa afya ataonekana ana nimonia kila wiki, na baada ya mara kumi watu wanachoka, wanasema "huyu ndivyo alivyo". Kisha inakuja siku ya kweli, na hakuna anayeshtuka. Hiyo "ndivyo alivyo" tunaiogopa kuliko maneno yote.

Njia ya kuikwepa ni kumpima mtoto kwa nafsi yake. Siku akiwa na hali nzuri, amelala, mhesabuni pumzi kwa dakika nzima na muandike kwenye daftari. Andikeni na uzito wake, rangi ya makohozi yake, na umbali anaoweza kutembea bila kusimama. Hiyo ndiyo kawaida yake. Likibadilika kidogo, yaani kikohozi kimeongezeka, makohozi yamekuwa mengi au yamebadilika rangi, ana homa, hataki kula, amepungua uzito, anachoka mapema, basi hiyo ni safari ya kituo cha afya kesho, na isipite siku mbili. Si ya usiku wa manane, lakini si ya kungoja siku ya soko.

Yako mambo ambayo hayangoji asubuhi. Kifua kinazama chini ya mbavu, pua zinapanuka, mtoto anaguna, hawezi kumaliza sentensi au kunyonya kwa kukosa pumzi: nendeni. Ulimi au ndani ya midomo umekuwa wa kijivu au wa samawati: nendeni. Vitabu vya zamani vinasema tazama ngozi, lakini kwa ngozi zetu tazameni ndani ya mdomo na kucha. Na kama kuna ile mashine ya kubana kidoleni, aliyoivumbua Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, fahamuni kuwa utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi mashine hizo hukosa kuonyesha upungufu wa hewa karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mashine ikisema salama na macho yenu yanasema si salama, fuateni macho.

Maumivu ya ghafla upande mmoja wa kifua pamoja na kukosa pumzi nayo ni dharura, kwani huenda pafu limetoboka. Damu katika makohozi inatisha wengi, na kweli inataka daraja. Michirizi tu, mwambieni mganga siku hiyo au kesho yake. Ikifika kijiko cha chai kizima, mtafuteni siku hiyo hiyo bila kuchelewa. Ikiwa ni nyingi kuliko hapo au haikomi, ondokeni usiku huo huo.

Tumbo husahauliwa kwa kuwa watu wote wanatazama kifua. Mtoto huyu ute wake ni mzito hata utumboni. Tumbo likivimba na kuuma, choo kikakatika, akatapika matapishi ya kijani, utumbo unaweza kuwa umeziba. Kwa mchanga aliyezaliwa juzi, ambaye kile choo cheusi cha kwanza hakijatoka kwa siku mbili, au anatapika kijani hata kabla ya hapo, msimpe dawa za majani. Mpelekeni.

Na chumvi. Kanzenze ni baridi, hivyo hatari ya New York inaonekana iko mbali. Lakini homa ya siku tatu humtoa mtoto jasho, kuhara pia, na safari ya likizo kwa shangazi Bujumbura, Dar es Salaam au Mombasa ni joto lile lile la 1948. Akilegea, akashikwa na misuli, akatapika, macho yakazama, mpeni maji ya ORS kwa kijiko mkiwa njiani, alimradi yu macho na anameza. Asiyezinduka asinyweshwe kitu.

Ramadhani hujitokeza swali hapa, hasa kwa vijana waliokua na ugonjwa huu na wanaona haya kula wenzao wamefunga. Mgonjwa ana ruhusa katika dini yake. Kijana anayepoteza chumvi kwa jasho, na ambaye anahitaji chakula kingi ili asidhoofu, aamue pamoja na daktari wake na mwalimu wake wa dini kabla mwezi haujaandama, si siku ya kumi akiwa amekwisha kuanguka.

Dawa mpya zinazorekebisha ule mlango wa chumvi zimekuwapo tangu mwaka 2012, na iliyo kubwa zaidi ikaidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa bei ya zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka. Tunaitaja ili msomaji ajue ipo, na ajue pia kwamba haitibu kila aina ya hitilafu. Kwa familia ya Kanzenze kinachookoa leo ni kufika mapema, kupewa oksijeni, antibayotiki na maji.

Njia ya kufika iandaliwe mchana. Bima ya mutuelle, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999, ilipiwe kabla ya msimu, kwa sababu kadi isiyolipiwa huwafanya watu wasite mlangoni. Namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912, huduma ya SAMU iliyoanzishwa mwaka 2007, na simu ni bure. Mshauri wa afya wa kijiji aamshwe, naye ndiye atakayewapigia simu kituo cha afya, na kituo kitawapeleka hospitali ya Gisenyi ikibidi. Mkifika, msianze na historia yote tangu kuzaliwa. Mpeni mganga lile daftari, semeni: pumzi zake za kawaida ni hizi, usiku huu ni hizi, mabadiliko yameanza saa fulani. Kama daktari yeyote amewahi kushuku mukovisidozi, neno hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na majina ya dawa anazotumia na siku aliyopewa antibayotiki mara ya mwisho.